Bukari ya Cebu

Ukitaka kumtesa mtoto wa Kolwezi, usimpige wala usimtukane. Mpe wali asubuhi, mpe wali mchana, mpe wali jioni, kisha muulize kwa upole kama ameshiba. Hivyo ndivyo Nanay Luz alivyowatesa Mbelu na Falonne tangu walipotua Cebu, mji wa joto na bahari kule Ufilipino, na aliwatesa kwa mapenzi yake yote.

Wasichana hao walitoka lise moja, yaani shule ya sekondari, ya masista wa Kolwezi, mji wa migodi kule Katanga, Zaire. Masista hao walikuwa na wenzao Cebu, wakapatana kubadilishana wanafunzi: wawili waende, wawili waje, mwaka mmoja. Wa Kolwezi walikwenda. Wa Cebu walisikia habari za fujo za Zaire, wazazi wao wakaficha masanduku, basi mabadilishano yakawa ya upande mmoja. Ndivyo Mbelu na Falonne walivyojikuta katika chumba kimoja juu ya duka la Nanay Luz, mjane mnene mwenye kicheko cha karibu, wakiwa watu wawili tu katika mji mzima wanaosema Kiswahili.

Wala hawakuhitaji mtu wa tatu. Nyumba zao kule Kolwezi, katika kambi ya kampuni ya mgodi, zilipakana, na kina mama waliazimana chumvi juu ya ukuta. Baba yake Mbelu, tata Lukusa, alikuwa fundi wa umeme, mtoto wa Mkasai aliyeletwa zamani kutoka mkoa wa jirani kufanya kazi mgodini. Baba yake Falonne, tata Ngoy, alikuwa karani, Mkatanga wa kaskazini. Wasichana walinyonyeshwa pamoja, wakapigwa pamoja, wakafaulu pamoja.

"Mbelu," Falonne aliita asubuhi moja kutoka kitandani.

"Nini?"

"Niliota bukari."

"Na nini?"

"Na ndakala. Ulikuwa nakula weye moja, haukunipa."

"Hata mu ndoto yako mi njo mubaya?"

"Unajijua."

Walijaribu kujipikia bukari, ugali wa kwao. Dukani waliona boksi lenye picha ya hindi, wakalikumbatia kama ndugu, wakachemsha maji, wakamimina. Kumbe ule ulikuwa wanga wa kuongezea uzito mchuzi. Sufuriani kikatokea kitu cheupe kinachong'aa, ukiinua mwiko kinakufuata, ukikimbia kinakukimbilia. Falonne akakitumia kugandisha picha za nyumbani ukutani, na zilishika vizuri kuliko gundi ya shule.

Wokovu ulikuja alasiri moja, Mbelu aliposhuka kutafuta maji akamfumania Nanay Luz jikoni nyuma, amejikunyata juu ya bakuli. Nanay alipomwona aliligubika kwa aproni, uso ukamwiva. Lakini harufu haigubikwi. Mbelu aliinua ile aproni kwa adabu yote aliyofundishwa, akaona mahindi meupe yaliyosagwa, yamepikwa yakaiva, yanatoa mvuke, na kasamaki kakavu kama ndakala pembeni.

Kwa watu wa Cebu hicho kilikuwa chakula cha wasioweza kununua mchele. Nanay alikipenda tangu utoto wake milimani, ila kumpa mgeni aliyevuka bahari? Angeuweka wapi uso wake? Mbelu alikaa chini sakafuni, akanyosha mkono, akameza tonge la kwanza, macho yakajaa machozi. Kisha akapiga ukelele, "Falonne! Kuya mbio!" hata Nanay akapanda kwenye kiti akidhani kuna nyoka.

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Nanay aliwanunulia mahindi yaliyosagwa laini kabisa, seremala wa jirani akachonga mwiko kutokana na mbao ya dirisha, na kila jioni bukari ikasongwa. Na bukari ilipopatikana, ugomvi wao wa tangu utoto ukapatikana pia.

"Mahindi tupu ni ya bantu benye hawana meno," alisema Mbelu, mtu wa kuchanganya muhogo. "Tia unga ya manioki kidogo, ivutike."

"Ivutike iende wapi? Awa, mama! Bakasai, hata bukari munataka ibishane na muntu!"

"Na nyiye Bakatanga, hata bukari munapenda yenye kulala."

"Mnasema nini?" Nanay aliuliza.

"Tunasifu mapishi yako," alijibu Falonne kwa Kiingereza, na kicheko kikawatoka wote watatu.

Lakini kule nyumbani maneno ya namna hiyo yalikuwa yameacha kuwa mzaha. Mji wa jirani, Likasi, walikuwa wamekwisha kuwafukuza Wakasai mwaka uliotangulia. Sasa ilikuwa zamu ya Kolwezi. Watu waliozaliwa pale, na wazazi wao waliozaliwa pale, waliambiwa warudi kwao. Jumamosi moja Sista Remedios, mkuu wa shule, alimwita Mbelu ofisini. Simu ya masista wa Kolwezi, ambayo ilifanya kazi ikipenda, ilikuwa imependa.

"Mwanangu," alisema Sista Bilonda kutoka upande wa pili, sauti ikija na kuondoka, "baba na mama bako wazima. Na mudogo wako, mzima."

Walikuwa wamekaa stesheni chini ya maturubai, maelfu kwa maelfu, katika mvua. Watoto wengi walizikwa pale pale kando ya reli. Mdogo wake Mbelu alishikwa na homa, ikamwachilia. Kisha wakapata nafasi katika behewa, wakapita Lubudi, wakapita Kamina, wakafika Mwene-Ditu, kule Kasai. Mbelu alilia akimshukuru Mungu, na Sista Remedios, bila kujua kinachosemwa, akalia naye.

"Na nyumba yenu," Sista Bilonda aliongeza, kama mtu anayemalizia habari ndogo, "usihangaike sana, iko na muntu. Stany, kaka ya Falonne, njo eko ndani."

Mbelu alipanda ngazi polepole. Falonne alikuwa anakunja nguo.

"Falonne. Stany eko mu nyumba yetu?"

Falonne aliendelea kukunja shati lililokwisha kukunjika.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Mbelu aligeuza uso ukutani.

Kumkasirikia mtu pekee anayejua lugha yako ni kazi ngumu. Mbelu alikuwa na matusi mazuri, yaliyopangika, lakini amtupie nani? Kwa Kiingereza hayakuwa na chumvi. Alimjaribia paka wa Nanay. Paka akajilamba mguu. Mezani kila mmoja aliomba chumvi kwa Nanay ilhali chumvi iko mbele ya mwenzake. Bukari haikusongwa tena. Nanay, kwa huzuni, akarudia wali, na safari hii hakuna aliyelalamika.

Ile nyumba ilikuwa ya kampuni, Mbelu alijua, na kama si Stany angeingia mwingine. Kilichomchoma ni kwamba Falonne alikuwa amelala hatua mbili kutoka kwake na neno lile mdomoni, akimchekea. Maana Kasai yenyewe Mbelu hakuwahi kuikanyaga. Kolwezi aliyobakiwa nayo ilikuwa Falonne. Kama Falonne naye hakuwa wake tena, angemwambia nani, "Unakumbuka?"

Sista Remedios alimpa shauri: abaki Cebu mwaka mwingine, nauli ya kurudi itangoja. Ajibu siku ya karamu ya kufunga shule. Mbelu akasema atafikiri, na kila alipofikiri alikuta anamfikiria Falonne.

Jumamosi iliyofuata alikuwa anapita kwenye baraza ya ofisi, akakuta kundi la wanafunzi wametega masikio mlangoni. Ndani kulikuwa na sauti ya Falonne kwenye simu, ya kupasua vioo.

"...Unasema nini? Kama si weye, mwingine? Basi uende uitike jina ya ule mwingine! Stany! Mama Mbelu njo alikufunga bandeji siku ulianguka mu muembe, ama umesahau? Ulilia kama mutoto wa mbuzi! ... Usiniambie bote banafanya! Bote njo nani? Bote balinyonya ku ile nyumba?"

"Anasali?" mmoja wa wanafunzi alimnong'oneza Mbelu.

"Ndiyo," alisema Mbelu. "Anasali sana."

"...Mashini ya kushona ya ule mama, unaifunga mu gunia, unaipeleka ku masista leo, baitie mu treni. Leo, nasema, si kesho! Na weye mwenyewe utoke. ... Utaenda wapi? Uende kwetu, ulale na bakuku! Mi narudi, Stany. Nikikukuta mule, mi njo nitakufukuza, na hautapata treni! ... Alo? Alo! Stany!"

Simu ilikuwa imeacha kupenda. Wanafunzi walijipanga haraka kama watu wanaotazama bustani. Mbelu akaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Stany alikuwa jitu la mtu, mabega kama kabati, na tangu utoto alimwogopa dada yake huyo mdogo kuliko polisi. Mbelu alijikuta anatabasamu peke yake njiani, akalifuta lile tabasamu, likarudi.

Lakini waliendelea kununiana. Siku ya karamu ikafika.

Kila mwanafunzi mgeni alitakiwa kupika cha kwao. Mbelu alisimama uani kwa Nanay mbele ya sufuria kubwa, kubwa ya matanga, juu ya mafiga ya matofali. Maji yalichemka, akamwaga unga, akaanza kusonga. Nayo sufuria ikaanza kuzunguka. Kila akivuta mwiko kulia, sufuria inaenda naye. Sufuria ya namna hiyo haisongwi na mtu mmoja. Nyumbani daima kuna mama wa pili, anayekaa chini na kushika masikio yake kwa kitambaa. Nanay alijaribu, moshi ukamwingia machoni, akakimbilia ndani akipiga chafya. Mbelu akabaki anazunguka moto pamoja na chakula chake.

Kisha sufuria ikatulia ghafla.

Falonne alikuwa amechuchumaa upande wa pili, vitambaa viwili mikononi, uso ameugeuzia pembeni kuukwepa moshi. Miguuni mwake palikuwa na mfuko.

"Songa," alisema. "Itashika chini."

Mbelu akasonga.

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu simu ya kwetu, mbele ya ile yako. Stany mwenyewe aliniambia, na furaha, kama muntu alipata mushahara."

"Na haukusema."

"Ningesema na mudomo gani?"

"Na ule mudomo ulikuwa nakula bukari yangu."

Falonne aliinamisha kichwa. "Nilisikia aibu, Mbelu. Kila asubuhi nasema, leo nitamuambia. Halafu unaanza kunichekesha, nasema, acha acheke leo, kesho nitamuambia."

"Alitoka?"

"Sijui. Laini ilikatika. Siwezi kukudanganya. Mashini, nafikiri ataituma, juu ananiogopa. Nyumba, sijui."

Mbelu aliuvuta mwiko kwa mikono yote miwili. Angependa kusikia kwamba Stany ametoka, amefagia, ameweka ufunguo juu ya meza. Hilo hakulipata. Alilopata ni Falonne anayelia moshi, au si moshi, ameshika chuma cha moto kwa vitambaa viwili vyembamba na hakiachi.

"Mu ule mufuko muko nini?"

"Unga ya manioki. Nilizunguka soko muzima."

"Weye? Muntu ya mahindi tupu?"

"Tia mbio, nisigeuze mawazo."

Mbelu akatia. Bukari ikashikana, ikawa nzito, ikavutika. "Shika vizuri, Mukatanga," alisema, "inaenda." Na Falonne, aliposikia anaitwa hivyo kwa sauti ile ya zamani ya juu ya ukuta, akaangua kicheko kilichochanganyika na machozi, hata sufuria ikayumba kweli.

Karamuni bukari iliisha kabla ya vyakula vingine vyote. Watu wa Cebu wanajua kula kwa mkono, hawakuhitaji kufundishwa. Nanay Luz alizunguka meza moja hadi nyingine akitangaza kwamba haya ni mahindi, ndiyo, mahindi, yametoka jikoni kwake, na anayeona aibu ampe yeye sahani yake.

Watu walipotawanyika, Sista Remedios aliwaita wote wawili. "Mbelu, umeamua?"

"Nitarudi, Sista. Mama yuko Mwene-Ditu, nami sijui hata mlango wake unatazama wapi. Nataka niujue."

"Na mi namusindikiza," Falonne akadakia, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. "Tutapanda treni pamoja mpaka huko."

Mbelu alimgeukia. Hilo hawakuwa wameongea. "Weye, ku Kasai? Sasa hivi? Bakwetu batakufukuza!"

"Bakinifukuza, si batanitia mu treni ya bure? Njo nitarudi vile."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Sista, baada ya kutafsiriwa, hakucheka. Alimtazama Falonne. "Huogopi, binti yangu?"

Falonne alifikiri. "Bale bantu, hapana," alisema polepole, akimtazama Mbelu badala ya Sista. "Mama Mbelu njo naogopa. Nikifika mbele yake, nitamuambia nini?"

"Utamuambia bonjour," alisema Mbelu, akimtoa unga kwenye nywele. "Mengine atasema ye mwenyewe. Na atasema murefu, ukae."