Shimo la Maua

Tangu gesi ipatikane baharini, Palma ilipata wageni wa kila aina, ikawakosa nyuki. Pori la nyuma ya mji lilifyekwa ili ijengwe kambi, nao wakahama. Maboga ya Zuleica yakatoa maua misimu miwili, maua yakapukutika, boga hakuna hata moja. Huu ulikuwa msimu wa tatu, na alikuwa amechoka kula majani ya maboga.

Hélio, bwana shamba wa wilaya, ndiye aliyewapa wanawake wa mtaa wazo. Wachimbe shimo pana, la kina cha magoti, katika bustani ya mji, pale yanapotuama maji ya mvua. Wapande humo mimea ya porini yenye maua. Mvua iinyweshe, nyuki warudi. Kazi ya kujitolea. Walianza kumi na wawili. Waliposikia hakuna posho wala fulana, wakabaki wanne, kisha Zuleica peke yake na jembe lake.

Wiki sita alichimba na kubeba miche kichwani kutoka mtoni. Alimweleza mamkwe wake, Bi Mwajuma, habari ya nyuki, kila mara akajibiwa kwamba anaungua jua bure. Kwa Bi Mwajuma, mwanamke safi uwanja wake ni mchanga mtupu, umefagiwa alfajiri mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Jani likiota hapo, ni aibu ya nyumba nzima.

Maua ya kwanza yalichanua Jumatano. Alhamisi ikatangazwa kwamba wakubwa wa gesi watapita kuuona mji.

Ijumaa asubuhi Zuleica alikuta shimo limefukiwa. Mchanga mtupu, na mistari ya ufagio. Wanawake wote kumi na mmoja walikuwapo, na safari hii hakuna aliyeuliza posho. Bi Mwajuma alikuwa mbele yao, ufagio mkononi, jasho linamtoka.

"Wangesema mke wa mwanangu anafuga magugu," akasema. "Nimekusitiri."

Mamkwe hafokewi, basi Zuleica akauliza tu miche iko wapi. Bi Mwajuma akasema ameipeleka kwenye shamba la maboga, iwe mbolea, maana hakutaka kulitupa jasho la mwenzake. Kisha akamshika mkono, wakapanga mstari na wengine kuwaimbia wageni. Walisimama mpaka saa tano. Magari yakapita mbio, vioo vimefungwa, yakawaachia vumbi.

Shambani walikwenda pamoja, Zuleica na jembe lake, Bi Mwajuma na ufagio wake. Miche ilikuwa imerundikwa, inanyauka, na juu ya maua yake nyuki walikuwa wanatambaa, wengi kuliko alivyowahi kuota. Pembeni, maua ya maboga yalikuwa yamekwisha kujifunga, kama yafanyavyo kila siku jua likipanda, nyuki hana pa kuingia.

"Si ndio hawa uliokuwa ukiwataka?" Bi Mwajuma akauliza, kafurahi kwelikweli.

"Ndio hawa, mama. Kesho maua haya yatakuwa yamekauka, nao wataondoka."

Bi Mwajuma akawatazama nyuki, akayatazama maboga.

"Sasa mbona hukuniambia, mwanangu?"

Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa Zuleica hakuwahi kumrudishia mamkwe wake neno.

"Nilikuambia, mama," akasema. "Nilikuambia mara tatu."

Akautwaa ufagio mkononi mwa Bi Mwajuma, akamwekea jembe.