Gawio la Goodness

Ujumbe uliingia nikiwa nimeinama kwenye gunia la vitunguu, pale kwenye meza yangu Soko Kuu la Iringa. Nikajifuta mikono kwenye kitenge, nikasoma. "Ndugu mwanahisa GOODNESS BENJAMINI, gawio lako limeingizwa kwenye akaunti. Kodi imekatwa." Nikasoma tena, maana nilidhani macho yangu yamechoka na vumbi.

Goodness ni mwanangu. Tulimzika nyumbani kwa kina baba yake, Ilembo, milimani huko Mbeya, miaka miwili iliyopita. Alikuwa na miaka sita. Homa ya uti wa mgongo ilimwanza Jumapili baada ya ibada, na Jumatano hatukuwa naye tena.

Sikulia. Mimi uchungu ukinishika huwa nagomba kwanza, machozi yanafuata kwa wakati wake. Nikamwachia jirani meza, nikapanda mpaka shuleni ambako mume wangu, Benjamini, anafundisha masomo ya biashara, nikamsubiri getini kama mzazi aliyeitwa kwa utovu wa nidhamu. Alipotoka na chaki zake mkononi nikamwekea simu puani.

"Hii nini, Baba Goodness?"

Akasoma. Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma.

"Laini yangu ya zamani si ilifungwa," akasema. "Nikawapigia wabadilishe namba. Iliyokuja kichwani ni ya kwako."

"Mimi sikuulizi habari za laini. Nakuuliza kwa nini mtoto wangu anaitwa mwanahisa."

"Mama Goodness, wanafunzi wanatuangalia."

"Waangalie! Si unawafundisha biashara? Waje wajifunze!"

Akanishika kiwiko taratibu, tukashuka kilima.

Habari ya zile hisa naijua, nisiseme siijui. Goodness alipozaliwa, watu walituletea kuku, mablanketi na vitenge. Baba yake yeye akafungua akaunti ya hisa kwa jina la mtoto, na kila alipopata chochote cha ziada akawa anamnunulia. Nilimcheka sana. Nikamwambia mwenzako ananunua nepi, wewe unanunua makaratasi. Lakini hakuwa ananunua hovyo. Alikuwa na kitu anakiita chekeche. Kampuni ikiletwa mbele yake, kwanza anauliza kama imelipa gawio miaka mitano mfululizo, bila kuruka. Halafu anauliza gawio limetoka kwenye faida au kwenye mkopo wa kujionyesha. Halafu anataka kujua faida iliyobaki wameifanyia nini, maana kampuni inayogawa yote haina cha kukulia. Mwisho ndiyo anatazama bei.

Hapo kwenye bei tulielewana. Kitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kinaweza kuwa rahisi kwa sababu soko limejaa, na kinaweza kuwa rahisi kwa sababu shingo yake ni mbichi na ndani kimeanza kuoza. Asiyejua kutofautisha anapakia lori zima la hasara. Benjamini alipenda mfano huo, akautumia darasani bila hata kunitaja.

Goodness alipofika miaka minne akawa anakaa mapajani mwa baba yake jioni, chekeche linapofanya kazi. Hakuelewa neno. Lakini Benjamini alikuwa akimaliza kusoma habari za kampuni anamuuliza, "Hii inapita?" Na mtoto anatazama dari, anafikiri kama bibi wa baraza la kanisa, halafu anapiga kelele: "Imepita!" Au, "Haijapita! Nje!" Baba yake anacheka mpaka anakohoa. "Ukifika kumi na minane," anamwambia, "utakaa kwenye hiki kiti mwenyewe, mimi nitakuwa nakuletea chai."

Sasa niwaeleze kilichotokea msibani, maana ndiko kosa lilikoanzia. Kwenye ukoo wa mume wangu matanga hayaishi mpaka vitu vya marehemu vigawiwe vyote. Vinatandikwa kwenye mkeka mmoja. Baba anashika kitu kwa mikono miwili, anasema kilikuwa cha nani, na anayepewa anakivaa au anakikumbatia palepale. Kikibaki kitu nyumbani kwa siri, wanasema waliobaki hawatapona. Tuligawa kila kitu. Sweta jekundu alipewa Mercy, binti wa wifi yangu, aliyezaliwa naye mwezi mmoja. Viatu, begi la shule, mpaka kijiko chake cha bati. Kisha Shangazi Juliana, ambaye ndiye mkubwa wa mambo hayo, akauliza kama inavyotakiwa, mara tatu, baba kwanza kisha mama: "Kimebaki kitu?"

Benjamini akasema hakuna. Na mimi nikasema hakuna. Mimi nilisema kweli, maana hisa hazitandikwi kwenye mkeka na wala hazikunijia akilini. Yeye alizikumbuka.

Hayo alinieleza jioni ile nyumbani, akiwa amekaa na koti lake la kazini mwilini. Na alikuwa na la zaidi. Kila gawio lililoingia hakuligusa. Alipitisha kampuni upya kwenye chekeche, akanunua nyingine, kwa jina lilelile.

"Zimefika ngapi?" nikamuuliza.

"Nyingi. Amekua, Mama Goodness. Amekua vizuri."

Hakusema zimekua. Alisema amekua.

Nikafikiri nimpe muda. Lakini wiki hiyohiyo, nikiwa jikoni nageuza ugali, nikamsikia sebuleni anasoma habari za kampuni moja ya saruji kwa sauti ya chini. Gawio halijakatika. Madeni yamepungua. Bei bado iko chini. Kisha akauliza, "Hii inapita?" Na akanyamaza. Alinyamaza kwa kadiri mtu anavyonyamaza akimpa mwenzake nafasi ya kujibu.

Mwiko ulinitoka mkononi. Hasira zote ziliisha, ikabaki hofu. Niliona mtoto nimeshampoteza, na mume naye anamfuata kidogokidogo, akiwa amekaa kwenye kiti changu mwenyewe, anapumua. Asubuhi nikampigia Shangazi Juliana.

Nilitegemea atafoka. Badala yake nikasikia jogoo wake anawika kwenye simu.

"Hicho ni kitu cha mtoto," akasema. "Kiletwe, mkwe. Kitandikwe kama vingine."

"Shangazi, hakitandikiki."

"Kiletwe hivyohivyo."

Kumshawishi Benjamini kulikuwa kazi. Siku ya kwanza alisema mimi nataka kumzika mtoto mara ya pili. Neno hilo liliniuma, nikamjibu kwamba yeye hajamzika hata mara ya kwanza. Tukalala tumegeuziana migongo. Siku nyingi baadaye, tukichambua vitunguu pamoja ukumbini, akasema bila kuinua kichwa: "Apewe Mercy." Nikasema haya. Mambo ya mahakama na hati ya kifo yalikula miezi, na kila aliporudi kutoka kutia sahihi alikuwa amekonda kidogo.

Tulifika Ilembo wakati wa ukungu, baridi ile ya kule inayopenya mpaka kwenye meno. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa sebuleni kwa Shangazi, mtupu. Wifi yangu akaingia na Mercy. Mercy alikuwa amevaa lile sweta jekundu, wamemvalisha kwa heshima yetu. Mikono ya sweta ilikuwa imeishia karibu na viwiko.

Sikuwa nimejiandaa. Miaka yote miwili Goodness wangu alikuwa na kimo kilekile kichwani mwangu, cha kufika kiunoni. Kumbe angekuwa hivi. Angekuwa ananifika kifuani.

Benjamini akapiga magoti kwenye mkeka. Akanyoosha mikono miwili mbele ya yule mtoto, mitupu, viganja juu.

"Hizi ni hisa," akasema. "Zilikuwa za Goodness." Akaishia hapo. Akaanza upya, na badala ya kumaliza akamweleza chekeche lote: miaka mitano bila kuruka, faida isiyo ya mkopo, kinachobaki cha kukulia, bei mwisho. Alimweleza polepole kama alivyokuwa akimweleza yule mwingine. Mercy alisikiliza kwa adabu, macho kwenye mikono mitupu.

"Nitapewa lini, mjomba?"

"Ukifika kumi na minane."

Akafikiri. "Na Goodness angefika lini?"

"Mwezi huohuo," akasema Benjamini. "Mwezi huohuo, mama." Ndipo akalia, kwa sauti, kilio ambacho msibani hakukilia. Mercy hakujua cha kukumbatia, akamkumbatia yeye shingoni. Wifi yangu alitaka kumwondoa mtoto, Shangazi akamkataza kwa mkono.

Alipotulia, Shangazi Juliana akavuta khanga yake mabegani, akauliza kama inavyotakiwa. "Kimebaki kitu?"

"Hakuna, Shangazi," akasema Benjamini, mara zote tatu, na safari hii ilikuwa kweli. Uso wake ulikuwa umelowa, lakini ulikuwa uso wa mume wangu.

Shangazi akanigeukia mimi. "Nawe mama yake. Kimebaki kitu?"

Simu yangu ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kitenge. Ndani yake mlikuwa na ule ujumbe wa sokoni. Nilikuwa nimeshausoma mara nyingi kuliko nilivyosoma Biblia mwaka ule, kwa sababu mpaka leo hakuna mwingine anayeliandika jina lake kama la mtu aliye hai, kwa herufi kubwa, na kumwita ndugu.

"Hakuna, Shangazi," nikasema.