Mukanda wa Barabara ya Kabambare

Jumanne saa tatu asubuhi, Jean-Marie alitandika mfuko wa saruji chini ya gari la kituo cha afya, akalala chali, akafungua boksi la gia na kukuta halina gia hata moja. Alitazama tena, maana mtu anaweza kukosea. Ndani mlikuwa na magurudumu mawili ya chuma yanayobanana na kuachana, na kati yake utepe wa chuma uliokatika. Jean-Marie alikuwa ametengeneza pikipiki miaka ishirini nyuma ya soko la Kasongo, na juu ya mlango wake alikuwa ameandika GARAJI YOTE YANAPONA. Alilifunga boksi akaagiza chai.

Utepe ule tuliuua wenyewe. Gari lilikuwa zawadi ya watu wa kwetu wanaoishi Dar es Salaam, na lilifika zima. Kwenye boksi palikuwa na kibandiko kilichotaja aina moja tu ya mafuta na kukataza nyingine zote. “Mafuta ni mafuta,” alisema Jean-Marie, akamimina yaliyokuwepo. Nasi tuliosimama pale tukaitikia, kwa kuwa Kasongo hakuna mtu asiyejua magari. Wasiokuwepo ni wenye magari. Waundaji waliuhesabia utepe kilomita laki moja na nusu. Kwetu ulikwenda mia nne. Baada ya hapo injini ilinguruma kwa bidii zote na gari likabaki palepale, kama mkutano wetu wa maendeleo.

Aliyeumia ni Viviane, mkunga wa kituo hicho, kilicho njiani kwenda Kabambare. Kabla ya gari hilo, mama akishindwa kujifungua alipandishwa pikipiki mpaka hospitali ya Kasongo. Masika yaliyopita walikufa wawili. Mmoja alikuwa amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva asianguke, na dereva hakujua amebeba nini mpaka alipofika. Tunajicheka kwa mengi, lakini kwa hilo hatucheki.

“Jean-Marie, Elodie iko na mapacha, na mumoja amelala kingamo,” alisema Viviane. “Imebaki wiki tatu.”

“Itapona, mama.”

“Elodie ao gari?”

Jean-Marie akampigia simu Iliasi, muuza vipuri wa Dar es Salaam, ambaye alimjibu kwa ujumbe wa sauti: “Mkanda umechoka, fundi. Weka mkanda mpya. Na huo mpya usiwe na mikunjo.”

Jean-Marie alisikiliza mara tatu. Kwetu, kinachofunga suruali ni mushipi, na kinachozungusha mashine ya kusaga ni kuruwa. Mukanda ni barua. Tulilijadili jambo hilo mpaka adhuhuri, tukaliona lina maana kabisa. Katika nchi hii hakuna kinachosogea bila karatasi. Gari lilikuwa na haki gani ya kusogea?

Barua mpya aliyokuwa nayo Jean-Marie, yaani isiyotumika bado, ni moja, ile aliyomwandikia Olga, muuza chumvi, na kukaa nayo mfukoni miaka sita bila kuituma. Aliikunja kwa urefu, akaiunga ncha kwa gundi ya tairi, akaivisha kwenye magurudumu. Gari likawaka. Likaondoka bila kushtuka, laini, kama mtu anayetoka msikitini. Hakuna aliyestaajabu. Mzee mmoja alilalamika tu kwamba honi yake ni ndogo.

Ilidumu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, Olga, ambaye kama soko zima alijua barua ile inasema nini, alichoka kungoja kuulizwa. “Jean-Marie, jibu ni hapana,” alisema akipima chumvi. Saa hiyohiyo gari lilikwama matopeni, na mukanda ulipotolewa ulikuwa umechanika kwenye neno “nakungoja.”

Ndivyo tulivyojifunza ufundi wake. Barua iliyojibiwa haivuti tena. Tulijaribu pia barua ya mheshimiwa mmoja iliyoahidi mambo mengi. Ilikuwa majivu kabla gari halijatoka sokoni.

Viviane akaenda nyumbani, akarudi na karatasi ndani ya nailoni. Ilikuwa nakala ya barua aliyoiandikia ofisi ya barabara miaka kumi na mmoja nyuma, akitaja kila daraja lililoanguka na kila shimo kwa kilomita yake. Chini palikuwa na muhuri wa IMEPOKELEWA, na chini ya muhuri palikuwa peupe.

Jean-Marie aliivisha. Gari lilipanda kilima cha udongo mwekundu ambacho hata pikipiki husukumwa. Alipoikagua baada ya wiki, haikuwa imelika hata ukingoni.

Uchungu wa Elodie ulianza Alhamisi asubuhi. Viviane alimlaza kwenye kiti cha nyuma, na injini ilikuwa imeshawaka, pikipiki ilipoingia uwanjani na bwana wa ofisi ya barabara, faili kwapani. Alikuwa mtu mwenye adabu, matope mpaka magotini.

“Mama Viviane? Tumeona mukanda wako,” alisema, akatoa kalamu. “Leo nimekuja kukujibu.”

Jean-Marie, aliyekuwa kwenye usukani, alisikia boksi likilia kwa sauti nyembamba.

Viviane alimtazama Elodie, kisha akaitazama kalamu. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameiota kalamu ile, na sasa aliichukia.

“Bwana chef, umekuja kutengeneza barabara, ao kujibu tu?”

“Kujibu tu, mama. Feza haiko.”

“Basi nakuomba, usijibu.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Ukijibu, gari itasimama.”

Bwana yule alifikiri. Uso wake ulilegea, maana kumbe jambo lilikuwa jepesi kuliko alivyohofia. “Hakuna shida, mama,” alisema, akaifunga kalamu. Kati ya maombi yote ambayo Viviane ameyapeleka ofisi ile, ndilo la pekee lililokubaliwa, na lilikubaliwa palepale.

Saa nane mchana gari liliingia hospitali ya Kasongo. Watoto walitoka wote wawili hai, wa pili kwa kisu. Mama yao alipozinduka alitaka uji.

Sasa ni mwaka wa nne. Gari limetimiza kilomita elfu tisini, madaraja ni yaleyale, na mashimo yameongezeka mpaka barua ya Viviane imepitwa na wakati. Iliasi alipiga simu akashangaa kwamba boksi la namna ile limedumu kwenye njia kama zetu, akauliza mkanda ule umetengenezwa wapi.

“Hapa hapa,” alisema Jean-Marie.

“Utadumu mpaka lini?”

Jean-Marie alimuuliza Viviane, aliyekuwa akisukuma gari litoke kwenye shimo aliloliandika la kwanza katika barua ile.

“Mwambie asiogope,” alisema Viviane. “Ofisi walinipa neno lao.”