Mume Aliyerudi Mapema

Kibao kilipoingia katika chumba chetu cha kushonea, mpinzani wake wa kwanza nilikuwa mimi, na sikuficha. Binamu yangu alikuwa amemnunulia mama yake, yaani shangazi yangu, kifaa cha umeme cha kusomea vitabu, ndicho tulichokiita kibao. Akajigamba kwamba ndani yake mna vitabu vingi kuliko tunavyoweza kubeba sote kwa pamoja. Nikamwambia hakuna aliyetutuma kubeba.

Sisi tunashona sare za shule. Baada ya chakula cha mchana cherehani huzimwa, tunashika kazi za mkono, mapindo na vifungo, na Shangazi anakaa kwenye kiti cha dirishani kutusomea. Zamani yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa vitundu vya vifungo, mpaka macho yakaanza kumchosha. Mwenye karakana, tunayemwita Mama Mkasi, akampa pasi asubuhi na kitabu mchana. Mama Mkasi mwenyewe husimama kwenye meza ya kukatia na kutupa mgongo. Kwake hadithi ni kelele tu, ila ni kelele inayofanya mikono iende.

Na tulikuwa na utaratibu wetu. Kitabu cha karatasi tulikifumua mgongo kama gauni la kupunguzwa, tukakigawa mafungu. Fungu lililokwisha kusomwa mbele ya wote uliruhusiwa kwenda nalo nyumbani, ukapitie ulipokosa au ukalie tena kwa nafasi. Ambalo halijasomwa halitoki mikononi mwa Shangazi, na aliyethubutu kulichungulia alinuniwa na chumba kizima. Kitabu kikiisha tulikishona upya kwa uzi wa jinzi, kikawa imara kuliko kilivyotoka dukani. Sasa niambie, kibao utakifumua wapi?

Lakini nililijua lile lililomsukuma binamu yangu. Katika kitabu cha mwisho cha karatasi, Shangazi alianza kukishika mbali, kisha kuruka mistari, kisha kujazia mwenyewe. Mtu aliyekuwa daktari sura ya kwanza akageuka kuwa mwuza nyama. Tulicheka, na yeye akacheka. Ila Redio, mshona vifungo mwenye sauti inayovuka barabara, akasema kwa upole wa uongo kwamba labda kiti cha dirishani kinahitaji macho mapya. Mama Mkasi akajibu kwamba ataangalia. Siku hiyo tukirudi nyumbani Shangazi aliniambia kwamba akiondolewa pale, pasi peke yake hataiweza, bora abaki nyumbani ahesabiwe mzee.

Kwa hiyo alipokuza herufi za kibao mpaka kila moja ikawa kama punje ya mahindi, akasoma bila kukwama hata mara moja, nilimeza maneno yangu yote. Nilifurahi hadi nikajidunga sindano. Upepo haukumfunulia kurasa, jua la dirishani halikumsumbua. Lawama hazikukosekana: hatukujua kitabu kimebaki kiasi gani, hakina harufu, na asiyefika kazini ilibidi aombe kusimuliwa. Tena kilitaka kulishwa umeme, na kwa kuwa Shangazi alikuwa msahaulifu wa chaja, tukawa tunakiacha palepale kazini, karibu na pasi.

Hadithi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mwanamke ambaye mumewe alienda kutafuta kazi mbali akapotea. Mke akafunga safari kumfuata. Siku moja tuliishia pale anapoambiwa kwamba treni aliyopanda mumewe ilifika, yeye hakuwemo. Hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Siku iliyofuata Shangazi akawasha kibao, akakohoa, akaanza: mume akavuta kiti chake, akaomba aongezewe sukari kwenye chai.

Sindano zikasimama. Mtu akauliza mume yupi. Shangazi akasoma mstari mwingine, na mume yule yule akawa anamsifia mkewe chai. Redio akacheka, akasema tumerudi kwa mwuza nyama, macho yamekwisha tena, na safari hii hata mashine haikusaidia. Wengine wakainamisha vichwa, na hilo ndilo lililoniuma. Shangazi alikuwa ameshikilia kibao kwa mikono miwili.

“Ninasoma kilichoandikwa,” alisema.

Redio alikwisha inuka na kifungo chake mdomoni, tayari kukalia kiti. Nikamtangulia, nikakichukua kibao, na maneno yalikuwapo, mume, chai, sukari na yote. Chini yake paliandikwa Mwisho.

Nikawaeleza, si kwa sauti ndogo, kwamba hiki kitu hufunguka pale alipoishia aliyekishika mara ya mwisho. Kuna mtu amekisoma hadi mwisho peke yake, halafu anamwacha shangazi yangu aonekane kipofu na mwongo. Kila mmoja akakana. Redio aliapa kwa mama yake, na nilisikitika kuona kwamba anasema kweli. Kisha akasema huenda Shangazi alibonyeza vibaya mwenyewe, na asiyejua kubonyeza atatusomeaje? Nikaona vichwa vinaanza kutikiswa kukubali.

Ndipo mkasi ukawekwa mezani. Mama Mkasi akageuka. Sijawahi kumwona akigeuka wakati wa hadithi.

“Mwacheni. Ni mimi,” alisema. “Jana nilibaki kufunga mlango, nikasema nisome kidogo tu.”

Sote tunajua kwamba mume wa Mama Mkasi aliondoka kwenda kutafuta kazi, watoto wakiwa wadogo, na kwamba jambo hilo halitajwi chumbani humu.

“Wangu hakurudi,” alisema. “Nikataka kumwona mmoja anayerudi.”

Redio akakitoa kifungo mdomoni, akaenda kukaa kwenye nafasi yake. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, nikarudia pindo langu na kulishona mpaka kwenye sketi yangu mwenyewe.

Mama Mkasi akaburuta stuli kutoka kwenye meza ya kukatia, akaja kukaa miguuni pa Shangazi, mikono mitupu mapajani. Akakiri kwamba kurasa za katikati alizikimbia tu, hajui hata huyo mke alimpatia wapi. Shangazi akafuta macho kwa ncha ya kanga, akakishika kibao sawasawa.

“Haya, nianzie wapi?” akauliza.

“Anzia alipopotea,” alisema Mama Mkasi. “Na usiruke kitu.”