Siku Chumba Kilipovalishwa

Jumamosi hiyo Kijiti alitoka bombani na ndoo kichwani, akaingia chumbani kwao, akatoka tena mbio kuangalia namba ya mlango. Alidhani amekosea nyumba.

Hakuwa amekosea. Kilikuwa chumba kilekile cha kupanga alichokaa na mama yake tangu azaliwe, cha tatu kutoka chooni, ila leo kilikuwa kimevaa. Palikuwa na meza, juu ya meza kitambaa, juu ya kitambaa redio kubwa kama begi la safari. Ukutani kioo kirefu. Pembeni kitanda cha pili, cha chuma, na shuka la maua. Na katikati, kama mfalme, kiti cha kinyozi, kile cha kuzunguka.

"Mama! Hivi vitu vya nani?"

"Vya kwetu mpaka saa sita," alisema mama yake, akilinyoosha shuka pale pale kitandani kwa pasi ya mkaa. Kazi yake ndiyo hiyo, kupiga pasi nguo za watu. "Si ulisema mgeni anakuja kuona tunavyoishi?"

Kijiti akatua ndoo taratibu. Jina hilo alipewa na majirani kwa wembamba wake. Shuleni walimjua kwa kuwa tangu darasa la nne hakuna aliyempita. Sasa amemaliza la saba, amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na karo hakuna. Kulikuwa na mfuko wa kusomesha watoto wa wasiojiweza, nao ulikuwa unatuma mtu na fomu. Kwenye fomu hiyo, kitu usichokuwa nacho kinakupa alama, ulichonacho kinakunyima. Mwalimu alimweleza vizuri, yeye akamweleza mama yake nusunusu, kwa haraka ya furaha.

"Mama, huyo anakuja kuangalia shida!"

"Shida zangu si maonyesho. Hebu niambie, mgeni nimkalishe kwenye beseni?"

"Ndiyo!"

"Nitakuzaba kofi wewe."

"Tuvirudishe, mama, bado hajaf—"

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa dada mmoja mpole, viatu vimejaa vumbi, fomu kwapani. Mama akamkaribisha kwenye kiti cha kinyozi. Kiti kikazunguka, dada wa fomu akajikuta anausalimia ukuta. Kijiti akamgeuza.

Maswali yakaanza. Mtoto ana kitanda chake? Kile pale, mama akasema. Meza ya kusomea? Si unaiona. Redio? Inaimba mpaka raha. Yupo wa kumsaidia masomo? Yupo. Anakula mara ngapi kwa siku?

"Mpaka anasaza," alisema mama, na tumbo la Kijiti, ambalo tangu jana mchana halikupewa kitu, likanguruma chumba kizima kikasikia. Mama akakohoa kulifunika.

Kwa kila jibu, kalamu ya wino iliweka tiki. Kijiti aliliona bweni likienda zake, tiki kwa tiki. Alitaka kusema. Lakini kumwita mama yake mwongo mbele ya mgeni, mdomo ulimkatalia.

Kinyozi ndiye aliyemwokoa, bila kujua. Alichungulia mlangoni, mashine mkononi. "Samahani, mama Kijiti. Nina mzee pale nimemnyoa nusu, amechoka kusimama. Nilidhani mgeni ni wa dakika kumi."

Mama akamtolea macho. Dada wa fomu akainuka. "Chukua tu, kaka."

Kiti hakijavuka kizingiti, fundi cherehani wa jirani naye akaingia. "Shoga, meza yangu. Wateja wamejaa, nguo nakatia mapajani. Na redio, mume wangu kaamka anaitafuta chini ya kitanda."

"Nilikwambia saa sita!"

"Ulisema saa nne!"

"Sita!"

"Haya, sita ya kwako, nne ya kwangu," akasema fundi, na meza ikaondoka na kitambaa chake na redio juu.

Dada wa fomu akabaki katikati ya chumba, hana pa kukaa. Kijiti akapindua beseni, akalifuta kwa kiganja. Mgeni akaketi.

"Mama, na kitanda?" mgeni akauliza.

"Cha fundi," mama alijibu, akitazama sakafu. "Kioo cha kinyozi."

"Nimeandika kwa wino, na fomu nyingine sina. Ninaweza kukata. Lakini kila nilipokata utie sahihi pembeni, waone ni wewe uliyesema."

"Nitie sahihi kwamba mwanangu analala chini?"

"Ndiyo, mama."

"Na kwamba jana hakula?"

"Kama hakula."

"Basi acha hivyo hivyo." Akachukua pasi, akaanza kulinyoosha shuka lililokwisha kunyooka.

Kijiti akamsogelea. Hakulia, maana angelia, mama angembembeleza na mambo yangeishia hapo. "Mama, aibu yako ni ya asubuhi moja. Yangu mimi ni ya miaka yote nitakayokaa nyumbani."

Pasi ikasimama. Ikasimama mpaka shuka la watu likaanza kunuka moshi. Mama akashtuka, akainyanyua, akasonya. "Lete hiyo kalamu."

Aliishia darasa la tatu. Sahihi yake ilikuwa jina zima, herufi mojamoja, ulimi nje. Kitanda, akatia. Meza, akatia. Redio, kioo. Kwenye chakula alikaa muda mrefu kuliko kote, kisha akatia.

"La mwisho. Ulisema nyumbani kuna mtu wa kumsaidia masomo. Nikate?"

"Hilo usiliguse." Kila jioni yeye akipiga pasi, Kijiti husoma kwa sauti, naye, asiyejua hata somo ni lipi, humkatiza: hebu rudia, hapo umeruka. Na kweli huwa ameruka.

"Linakupunguzia alama, mama."

"Lipunguze. Hilo sikuazima kwa mtu."

Kijiti akafumba macho. Dada wa fomu akahesabu kwa ncha ya kalamu, akarudia tena.

"Zinatosha," alisema. "Mbili zimezidi. Mama, mmefaulu."

"Tumefaulu nini?"

"Shida."

Mama akaangua kicheko, akakaa kitako sakafuni. Maisha yake yote alikuwa hajafaulu mtihani hata mmoja.

"Wanaripoti lini huko bwenini?" aliuliza, akijifuta macho.

"Jumatatu ijayo."

Mama akampima Kijiti kwa macho toka unyayo mpaka utosi, akaongeza mkaa kwenye pasi.

"Wewe, lete nguo zako," alisema. "Zote mbili."