Mahali Kendi Aliposimama

Shimo lilichimbwa Jumamosi asubuhi nyuma ya jikoni, kati ya banda la kuku na viazi ambavyo Karimi alikuwa amepanda vya kula nyumbani. Alilichimba Karimi mwenyewe, kwa sababu mumewe, Murungi, alisema yeye hachimbii mtu aliye hai. Kina chake kilimfika binti yao, Kendi, kiunoni. Kendi alikuwa na miaka sita, na miguu yake ilikuwa imekazana tangu azaliwe, goti limebana goti, asiweze kusimama bila kushikwa.

Shimo lenyewe halikuwa jambo geni pale Kibirichia. Ciakuthii, mama yake Murungi, alikuwa akisema tangu mwanzo kwamba zamani watoto wa namna hiyo walisimamishwa udongoni mpaka mifupa ipate akili. Jambo geni lilikuwa mpira. Lydiah, daktari wa viungo aliyepanda huko kwa pikipiki ya hospitali, alilikagua shimo, akatandika majani makavu chini, kisha akatoa kwenye mkoba mpira wa soksi kuukuu.

"Mama Kendi, shimo ni la kumshikilia tu," alisema. "Dawa ni mchezo. Mrushie, akurushie. Mwekee vifuniko vya soda mbali kidogo, avifuate na mkono. Akichoka, mtoe. Akinuna, mtoe. Asipocheka humo ndani, hapo hujamtibu, umemzika."

Lydiah alikuwa amezunguka vijiji vya huko akiuliza watoto wenye shida ya miguu. Kila boma alipewa chai na kuambiwa kwa upole kwamba hapa hawapo, labda ajaribu ng'ambo ya mto. Kendi ndiye pekee aliyempata, na hata huyo ni kwa sababu alilia chumba cha nyuma wakati mgeni bado ana kikombe mkononi.

Basi wakacheza. Kendi alilenga besheni, akalenga kuku, akamlenga nyanya yake mgongoni na kucheka hadi akapaliwa. Wiki zikapita, magoti yakaanza kuachana. Karimi aliyakanda jioni akahisi nyama mahali palipokuwa na mfupa mtupu, na moyo wake ukamwambia mtoto huyu atatembea. Hakuwa na ombi jingine duniani.

Walipovuna, viazi vilivyolizunguka lile shimo vilikuwa vikubwa kama kichwa cha ndama. Kimoja kilijaza sufuria. Karimi alikimenya, akakipika na mahindi, wakala, na mbwa akabakiziwa. Murungi alikitazama kiazi kingine kilichobaki, akalitazama shimo, kisha akamtazama binti yake. Tangu Kendi azaliwe, Karimi hakuwahi kumwona baba mtu akimtazama mtoto kwa muda mrefu hivyo.

Kesho yake Murungi alishika jembe mwenyewe akachimba shimo katikati ya shamba kubwa, akamsimamisha humo Kendi na mpira wake. Karimi, maskini, alifurahi. Alidhani hatimaye mwanamume ameingiwa na huruma.

Msimu huo lori la kutoka Nairobi lilipakia viazi vya Murungi peke yake, na kanisani, siku ya kutoa mavuno, kiazi kimoja kilibebwa na wazee wawili hadi madhabahuni na watu wakasimama kukiimbia. Kendi hakupelekwa, hapakuwa na mtu wa kumbeba, mikono yote ilikuwa na viazi. Bwana shamba wa lokesheni naye alikuja, akaufinya udongo, akaunusa.

"Hii waru, viazi hivi, umeweka nini?"

"Mtoto," Murungi akamwambia.

Bwana shamba aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jina la mbolea anayoijua. "Na unamweka kwa nafasi ya futi ngapi?"

Murungi hakuwa mjinga. Aliona kwamba pale Kendi alipocheza sana viazi vilikuwa vya wastani, na pale alipochoka akasimama kimya, vilikuwa vikubwa kupindukia. "Akirukaruka anaimwaga mbolea yote," alisema, na mpira wa soksi ukapandishwa darini. Tangu hapo Kendi alisimamishwa shambani baada ya chai na kutolewa ng'ombe wakirudi. Mvua ilipoanza, baba yake alimnunulia mwavuli, kwa kuwa bwana shamba alikuwa ameonya kwamba mtoto akishikwa na homa ya mapafu msimu umeenda. Baba huyo! Hata ng'ombe wake alimsemesha vizuri zaidi.

"Baba Kendi, magoti yanarudi kubana," Karimi alimwambia.

"Yabane tu. Kwani anaenda wapi?"

Wa kwanza kuiga alikuwa jirani yao, Mutembei. Miaka minane iliyopita Mutembei alitangaza kwamba mwanawe wa kwanza amekufa akiwa mchanga, na watu walikwenda kumpa pole na sukari. Sasa mwana huyo, Njura, alitolewa kwenye stoo ya viazi, amekunja uso kwa sababu ya jua, akasimamishwa shambani. Waliopeleka sukari walipita, wakamsalimia, wakaendelea na safari zao. Baada yake wengine wakatolewa: chini ya vitanda, nyuma ya maghala, mmoja kwenye banda la mbuzi akiwa bado na majani kwenye nywele. Ukisimama barabarani uliviona vichwa vyao katikati ya maua ya viazi kama kabichi.

Lydiah aliviona akazima pikipiki. Aliingia kati ya matuta hadi alipokuwa Mutembei.

"Kumbe mlikuwa nao," alimwambia Mutembei.

"Msimu wao ulikuwa haujafika, daktari."

Aliwaachia mpira kila boma na kuwaeleza akina baba umuhimu wa mchezo. Walimsikiliza kwa adabu, wakashukuru, wakaipandisha mipira darini.

Karimi hakubishana tena na mtu. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mwanamke mwenye mimba akiinama kupalilia hakuna anayemuuliza kitu. Kila Murungi alipokwenda sokoni, alipalilia mistari iliyo karibu na Kendi na kuviringisha viazi vidogo kwenye mfereji kati ya matuta. Kendi alividaka, akavirudisha. Karimi akavisogeza mbali zaidi. Mtoto aliinama, akajivuta, akanyoosha kiuno, huku akicheka na mdomo umefungwa ili jirani asisikie. Walicheza hivyo hadi viazi vikatoa maua, na hadi maua yakapukutika.

Siku moja kiazi kilipita mkono. Kendi alikitazama kikienda, akaweka viganja ukingoni, akajisukuma nje, akashika mpini wa jembe la mama yake, akakifuata. Alikwenda kwa miguu. Alipokifikia alikiokota.

"Uuui! Mtoto wangu!" Karimi alipiga kelele, kisha akajiziba mdomo na kitambaa cha kichwa.

Viazi vya shamba lile vilitoka vidogo kama gololi. Murungi alichimba mstari wa kwanza na wa pili, akalitupa jembe, akarudi nyumbani na kumkuta Kendi akitembea kutoka jikoni hadi langoni akiwa na kikombe cha uji. Alimshika mkono, na siku ya kliniki akampeleka kwa Lydiah kwenye ukumbi wa kanisa, Karimi akifuata nyuma.

Kwa mara ya kwanza benchi la Lydiah lilikuwa limejaa akina baba waliowaleta watoto wapimwe mapafu.

"Umeniharibia mtoto," Murungi alisema.

"Anatembea, mzee."

"Si ndiyo ninakwambia."

"Sina dawa ya kumrudisha. Na ningekuwa nayo ningeinywa mimi kwanza kabla ya kukupa wewe."

Akina baba wengine kwenye benchi walivuta watoto wao mbali na Kendi. Mutembei, ambaye alikuwa mtu wa kanisa na muungwana wa kuongea, aliuliza kwa niaba ya wote kama kutembea kunaambukiza.

Walirudi nyumbani Murungi akiwa mbele. Mutembei alikuwa ametangulia, na walipopita shambani kwake Njura alikuwa amesharudishwa mahali pake. Kendi alimpungia. Njura akainua mkono. Baba yake akamkemea atulie, viazi vimeanza kushika, na mkono ukashuka taratibu. Karimi alitema mate kwenye nyasi za Mutembei, mbele ya Mutembei, na hakuomba radhi.

Jioni chakula kilipakuliwa. Murungi alisimama kuomba, na kabla ya kufumba macho aliuweka mkono juu ya tumbo la mkewe. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa lori, kwa afya ya mama yake. Kisha akasema, "Na huyu anayekuja, Baba, usitunyime. Umpe miguu kama ile dada yake aliyozaliwa nayo."

Ciakuthii akasema amina. Karimi aliuondoa ule mkono tumboni kama anayetoa kitu kilichooza. Kendi, aliyekuwa amesimama kando ya moto kwa miguu yake mwenyewe, alisema amina pia, kwa sauti, kama alivyofundishwa.