Kitanda cha Mama Asabi

Alhamisi moja alasiri, wingu lilipoanza kujikusanya juu ya mabati yenye kutu ya Ibadan, Dikoni Olasunkanmi Fakorede alikuwa amepiga magoti sebuleni akiiombea Nigeria. Aliiombea kila siku baada ya chakula, kwa kufuata vyeo. Siku hiyo alikuwa amefika kwa magavana. Aliposikia ngurumo, aliwaombea maseneta kwa jumla, akasema amina, akaenda jikoni kuchukua mfuko wa taka.

Mtaa wa Agbeyangi umejengwa kwenye mteremko, na watu wake wana utaratibu wao. Mvua ikianza, hakuna anayetoka mbio. Ukitupa mapema, maji bado hayana nguvu, na taka zako zitakwama mbele ya jirani anayekujua kwa jina. Unangoja mtaro ufurike na maji yaanze kunguruma. Hapo ndipo unatoka na mfuko wako, unauachia, unanawa mikono. Maji yanaupeleka huko chini. Watu husema "huko chini" kana kwamba ni mji mwingine. Huko chini kuna kalvati moja jembamba la kupitishia maji chini ya barabara, na kando ya kalvati kuna nyumba ya udongo ya Mama Asabi, mjane aliyeuza kokwa za kola za kutafuna sokoni mpaka magoti yalipomkatalia.

Dikoni aliishi juu kabisa ya mteremko, peke yake. Mkewe alikuwa amefariki. Binti yake alikuwa Kanada, na kila mara alimtumia majani ya chai katika kasha la rangi ya zambarau. Jioni umeme ukiwepo alitazama televisheni. Usipokuwepo, aliitazama hivyo hivyo.

Aliuachia mfuko wake, akarudi ndani. Alikuwa bado anajifuta mikono aliposikia kitu kikigonga geti. Alifungua. Maji yalikuwa yanateremka mtaani kama kawaida, na kitanda cha chuma cha Mama Asabi kilikuwa kinapanda. Mwenyewe alikuwa ameketi katikati yake, kitenge kimefunika magoti, chungu cha mlenda mapajani. Kitanda kilikata kona vizuri, kikapita kwenye geti, kikapanda ngazi mbili za baraza na kuingia sebuleni.

Dikoni alifikiria kapeti.

"Usifunge mlango kwanza," alisema Mama Asabi. "Mguu mmoja bado uko nje."

Dikoni aliinama hadi vidole vikagusa sakafu, kama inavyompasa mtu akikutana na mkubwa wake, kisha akauvuta mguu wa kitanda.

"Pole sana, Mama. Karibu. Maji yameingia tena?"

"Yameingia, yakanikuta nimelala. Kalvati limeziba."

"Serikali hii!" Dikoni alitikisa kichwa. "Hawana huruma hata kidogo."

Mama Asabi alitazama miguuni pake. Juu ya shuka palikuwa na maganda ya viazi vikuu, makopo ya dagaa, na kasha la zambarau. Alilichukua kasha, akalikung'uta maji, akaliweka mezani mbele ya Dikoni.

"Kumbe serikali nayo inakunywa chai ya Kanada," alisema.

Dikoni alikwenda kuchemsha maji.

Mama Asabi alikaa mpaka mvua ilipokatika. Alikunywa chai, akasema haina ladha, akaomba nyingine. Alipika ugali wa muhogo kwenye jiko la Dikoni, maana alisema ule wa Dikoni unafaa kuzibia nyufa. Alimsimulia jinsi mchungaji wa kwanza wa kanisa lao alivyokimbizwa na bata mzinga mbele ya askofu. Dikoni alicheka mpaka miwani ikadondoka. Alipoiokota, alikumbuka kwamba tangu msiba wa mkewe hakuwa amecheka kwa sauti ndani ya nyumba ile.

Tatizo la kitanda lilikuwa moja: kilijua kupanda tu. Maji yalipopungua, walihitajika wanaume wanne kukishusha, na Mama Asabi akiwa juu yake, kwa sababu njia ilikuwa na tope.

Mvua iliyofuata kitanda kilikwenda kwa Alhaji Raufu Adigun, muuza saruji. Miguuni mwa Mama Asabi palikuwa na karatasi za mifuko ya saruji na manyoya ya kuku wa sherehe. Iliyofuata kilikwenda kwa Tinuade, fundi cherehani wa katikati ya mteremko, kikiwa kimejaa vipande vya lesi. Kila mtu alielewa mara moja. Kitanda kilikwenda kwa yule ambaye taka zake ndizo zilizoziba kalvati siku hiyo. Hakuna aliyebishana nacho. Walilalamika kuhusu migongo yao tu.

Umoja wa mtaa ulikutana kwenye baraza la Alhaji. Dikoni alifungua kwa sala, Alhaji akafuatia kwa dua, kola ikapita.

"Mimi mgongo wangu umekwisha," alisema Alhaji. "Tukitie kitanda magurudumu."

"Na mwavuli," mtu mwingine akaongeza. "Mama analowa njiani. Sisi si wanyama."

Hilo liliwagusa wote. Walikubaliana mwavuli uwe mkubwa, wa kitambaa cha kijani, na ufungwe kwenye nguzo ya kichwani. Tinuade angeushona bure.

"Nitaushona," alisema Tinuade. "Lakini na mimi nauliza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi si siku ya usafi? Kwa nini tusishuke na majembe tulizibue lile kalvati? Na taka kila mtu akae nazo mpaka gari la taka lipite."

Watu walitafuna kola.

"Fundi," alisema Alhaji kwa upole, "Jumamosi ya usafi ni ya kupumzika. Halafu kalvati ni la serikali. Ukiligusa leo, kesho watasema ni lako."

"Na gari la taka lenyewe linapita lini?" sauti ya nyuma ikauliza. "Akirudi Masihi?"

Walicheka, hata Dikoni, ingawa alilikemea neno hilo kwa kidole.

Mama Asabi alikuwapo, kwa sababu mvua ya juzi ilikirudisha kitanda chake hapo kwa Alhaji, na kilikuwa bado hakijashushwa. Dikoni, kama katibu, alimwomba aseme anachohitaji.

"Nahitaji kulala kwangu," alisema. "Ukuta wa jikoni umekwenda. Wa nyuma unatetemeka. Mvua chache zaidi, sina nyumba."

Kikao kizima kikasema pole, pamoja, na ilikuwa pole ya kweli. Mama mmoja alilia. Kisha wakapitisha azimio la magurudumu.

Dikoni hakulala vizuri. Kesho yake baada ya chakula, alipofika kwa magavana, ulimi wake ukawa mzito, na badala ya magavana akajikuta anaona kasha la zambarau. Alimwomba Mungu msamaha kwa kirefu. Kuanzia siku hiyo alifukia maganda nyuma ya nyumba, akayatenga makopo kwa ajili ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Mawingu yalipokusanyika na majirani wakatoka na mifuko yao, yeye alisimama barazani mikono mitupu, moyo mweupe kama shati la Pasaka.

Kitanda kilitokea mtaani, mwavuli wa kijani ukiyumba, magurudumu yakiteleza vizuri. Mama Asabi alimpungia mkono, akaingia kwa Alhaji.

Dikoni alirudi ndani. Alikuwa amechemsha maji ya vikombe viwili.

Mvua nyingine, Mama Asabi alikwenda tena kwa Alhaji. Dirisha lilikuwa wazi, na Dikoni alisikia kisa cha bata mzinga kikisimuliwa, pamoja na sehemu moja ambayo yeye hakusimuliwa. Nyumba nzima ya Alhaji ilipasuka kwa kicheko. Dikoni alipika ugali wake. Uligoma kuiva, kisha ukagoma kutoka sufuriani.

Mvua ya tatu ilianguka Jumapili, baada ya ibada. Dikoni alisimama kando ya mtaro ndani ya joho lake la kanisani. Mkononi alikuwa na mfuko, mdogo tu. Ndani yake alikuwa ametia makopo machache na, juu kabisa, kasha la zambarau, ili kusiwe na mashaka. Alitazama kulia na kushoto. Alingoja maji yangurume. Akauachia.

Kisha akaweka birika jikoni, akakunja kapeti, akaacha geti wazi.

Kitanda kilifika upesi kuliko siku zote.

"Leo umewahi, Mama," alisema Dikoni, akiinama.

"Ukuta wa mbele umeondoka. Sasa kitanda hakigongi mlango."

"Pole, Mama. Pole sana."

Mama Asabi alilichukua kasha miguuni pake, akaligeuza.

"Nilisikia umeacha."

"Nilikuwa nimeacha."

"Ehe?"

Dikoni alimimina chai, akaongeza maziwa, akakoroga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nyumba ilikuwa kimya," alisema.

Mama Asabi alipokea kikombe. Alikipuliza.

"Dikoni, mwanangu," alisema, "ungeweza kushuka kunisalimia. Kwako mpaka kwangu ni mteremko mtupu."

Dikoni alitazama nje, maji yalivyokuwa yanapita na mifuko ya mtaa mzima.

"Na mvua hii, Mama?"

Akavuta kiti karibu na kitanda, akafumba macho, akashukuru kwa ajili ya chai, na akamwomba Mungu aiguse mioyo ya viongozi wa Nigeria. Mama Asabi aliitikia amina, akisogeza mguu kidogo ili kopo la dagaa lisidondoke sakafuni.